Kusoma mtandaoni ukiwa Kibaigwa: shika daftari kabla ya bando

Muhula wa kwanza nusura niache chuo. Nafundisha shule ya msingi hapa Kibaigwa, na nilijiunga na shahada inayosomwa kwa mtindo mseto: mihadhara mingi mtandaoni, kisha siku chache za ana kwa ana Dodoma mjini. Nilidhani nikishapata simu nzuri na bando nimemaliza.

Jioni nilikuwa nakaa chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba, ndiko mtandao unakoshika, simu nimeiegemeza kwenye dumu la mafuta ya alizeti. Siku moja mhadhiri wa takwimu alikuwa anaeleza namna ya kupima mtawanyiko wa alama. Picha ikaganda, kanuni imefika nusu. Sauti iliporudi alikuwa anauliza, "Tuko pamoja?" Wenzangu wakaandika ndiyo. Na mimi nikaandika ndiyo. Jaribio lilipokuja, swali lilikuwa hilohilo, nikaliacha wazi.

Mwalimu mwenzangu unayetaka kuanza, kama mtandao wa kwako unasuasua, usijitese na vipindi mubashara. Uliza kama vinarekodiwa. Pakua usiku kwa bando la usiku, halafu sikiliza asubuhi simu ikiwa haijaunganishwa kabisa. Kinachomaliza bando ni video. Sauti na maandishi hula kidogo sana, kwa hiyo mwombeni mhadhiri aweke na sauti peke yake kwenye kundi la WhatsApp. Wengi hukubali wakiombwa kwa adabu.

Lakini usisikilize mikono mitupu. Mimi nilinunua daftari la kurasa 96, kila nilipokwama naandika dakika na swali. Ukurasa wa kwanza bado unasomeka: "Dk. 23, kwa nini tunagawa kwa idadi kutoa moja?" Nilipokwenda mjini nilikuwa na maswali tisa. Hilo lilijibiwa kwa dakika tano ubaoni: wastani tumeutoa kwenye sampuli ileile, hivyo tofauti zinaonekana ndogo kuliko zilivyo, na kutoa moja kunarekebisha. Mtandaoni nilihangaika nalo wiki mbili.

Siku za ana kwa ana ni mali. Nauli umelipa, chumba umelipa, watoto umewaachia bibi yao. Usizitumie kusikiliza tena ulichokwisha kusikia.

Kusoma kwa mbali si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kabla ya simu hizi. Corona ilipofunga shule na vyuo Machi 2020, wengi zaidi wakalazimika kujaribu. Mgawanyo ninaoupenda ni ule wa VSOMO, programu ya simu ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi: nadharia kwenye simu, vitendo karakana. Huwezi kujua kuchomelea geti bila kushika mashine.

Nyumbani nako semeni mapema saa zenu za kusoma. Kwangu, saa mbili hadi saa tatu usiku watoto wanajua mama yao yuko shule, hata akiwa kajikunja sebuleni.

Na kabla ya kulipa ada, piga simu chuoni uulize siku za ana kwa ana ni ngapi na mitihani inafanyikia wapi. Mimi sikuuliza. Mtihani wangu wa kwanza uliangukia wiki ya mitihani ya shule yangu mwenyewe, nikaanza kumbembeleza mwalimu mkuu ruhusa zikiwa zimebaki siku tatu.