Barua kwa mwanangu: huo wimbo unaoua

Mwanangu,

Marahaba. Meseji yako ya juzi usiku niliisoma nikiwa kwenye daladala la Mbagala nimebanwa mlangoni, nikasema hii naijibu nikifika nyumbani nikatulia. Unauliza eti ni kweli kuna wimbo wa Hungaria ukiusikiliza unakufa, kuna mtu kautupia kwenye grupu la kazini kwenu huko Mwanza, na binti yako kawasikia mkiongea sasa hataki kulala peke yake.

Wimbo upo. Mpiga piano wa Budapest anaitwa Rezső Seress aliutunga 1933, mshairi László Jávor akauandikia maneno, kwa Kiingereza wanauita Gloomy Sunday, yani Jumapili ya majonzi. Billie Holiday wa Marekani akauimba 1941, na BBC wakaona watu wako vitani halafu tunawapigia kilio redioni, wakaizuia hiyo yake yenye maneno, zuio limekuja kuondolewa 2002. Sasa mtu akishasikia "ulifungiwa" bas, kwake ushahidi umekamilika.

Halafu wanakwambia mtunzi mwenyewe alijiua. Kweli, 1968. Lakini piga hesabu, kutoka 1933 ni miaka 35, hiyo sumu gani inachelewa hivyo? Na hapo katikati yule mzee alikuwa Myahudi, wakati wa vita akapitishwa kambi ya kazi za kulazimishwa, hilo hawalitaji. Hungaria yenyewe watu walikuwa wanajiua kwa wingi kabla ya wimbo na miaka mingi baada yake, nchi imetoka kumegwa vipande baada ya vita ya kwanza, ajira hakuna. Ila hayo ukiyaandika nani atafowadi.

Mimi haya mambo yalinikuta kibandani, Kariakoo, mtaa wa Narung'ombe, nilipokuwa natengeneza redio. Miaka ya tisini kulikuwa na hofu ya kaseti, kwamba ukizipiga kinyumenyume unamsikia shetani. Akaja mteja mmoja na kaseti ya mwanae, anataka nimthibitishie. Nikafungua skrubu tano, nikaupindua mkanda mgongo wake ndo uelekee kwenye hedi, kile kidude kinachosoma mkanda, ukifanya hivyo na ukaweka upande A unasikia upande B unarudi nyuma, sauti imefifia kama mtu anaongea ndani ya pipa. Tukasikiliza wanne. Kijana wa maji akasema anasikia bata. Wengine hatukusikia kitu. Yule mteja akanyoosha kidole, "Hapo! Anasema niabudu!" Nikarudisha, na wallahi wote tukasikia niabudu, hata mimi, na mpaka leo nikiukumbuka ule mlio nasikia niabudu. Alipoondoka nikachukua kaseti ya kwaya ya mama yako nikaipindua vilevile, nikamnong'oneza kijana wa maji kwamba hapa wanasema lete chapati. Akasikiliza, akacheka mpaka akaweka ndoo chini. Chapati ile pale.

Nimekuja kusoma juzi juzi kumbe Marekani walifikishana mpaka mahakamani, Nevada, 1990, wazazi wanalishtaki bendi la Judas Priest kwamba wimbo wao una maneno yaliyofichwa yaliyowaponza vijana wawili. Mwimbaji wao Rob Halford akaingia mahakamani na kanda zao zilizogeuzwa, akaonesha ukitafuta unapata hata mtu anamwambia mama yake kiti kimevunjika. Jaji akaitupa kesi. Wale wazazi siwacheki, mtu kafiwa.

Na siwacheki kwa sababu na mimi nina langu. Unakumbuka kaseti yako ya hiphopu iliyopotea 1999, ukamnunia mama yako mwezi mzima? Niliichukua mimi. Nikaikatakata mkanda kwa mkasi, nikatupa kwenye mtaro. Na hapo nilishafanya ule mchezo wa chapati, nilijua kabisa haina kitu. Ila matokeo ya form four yalikuwa yametoka, umepata ziro, huli, unajifungia chumbani na hiyo kaseti inazunguka tu kutwa nzima, mama yako analia jikoni ananiambia ni huo muziki. Mimi sikujua pa kuanzia kukuuliza una nini. Nikamalizana na kaseti. Kava nilikuta nimelibakiza, liko kwenye kopo la skrubu, ukija utalichukua.

Huyo mjukuu wangu asiyelala, usimzuie kuusikiliza, kadiri unavyoficha ndo anaona lipo jambo. Kaa naye muusikilize wote mchana taa zinawaka, atachoka kabla haujaisha maana ni mzito kweli. Na umwambie kesho baada ya taarifa ya habari anipigie video kol, nitampigia kwaya ya bibi yake kinyumenyume. Deki bado inafanya kazi, inatafuna mkanda kidogo tu.

Baba yako