Wakala wangu amelipwa na mimi, akalipwa na klabu pia: pesa ile ni halali kwake?

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh wangu. Mimi ni mchezaji mpira kutoka Tanga, sasa nacheza Oman, huu ni mwezi wa tisa. Aliyenileta ni wakala ambaye tuliandikiana mkataba wa miaka miwili: achukue asilimia 10 ya mshahara wangu na asilimia 10 ya pesa ya kusaini. Klabu wananilipa dola 2,000 kwa mwezi kwa miaka miwili, na nilipewa dola 6,000 za kusaini. Kila mshahara ukiingia namtumia dola zake 200 bila kinyongo. Majuzi mtu wa ofisini klabuni akanionesha karatasi ya ofa yao ya kwanza, imeandikwa 2,500. Akaniambia na kwamba siku niliyosaini, wakala wangu alipewa na klabu dola 5,000. Mimi sikuambiwa chochote. Je, hiyo asilimia 10 yenyewe ni halali? Hizo 5,000 ni haki yake? Naweza kuacha kumtumia zile 200 mpaka nijilipe changu? Na mwakani klabu wakitaka kuniongeza mkataba, nikazungumza nao mwenyewe, bado ana haki humo?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Mwanangu, nianze na jepesi. Kazi ya wakala wa mchezaji kisheria ni udalali: anatafuta klabu, anasema bei, anakutanisha watu wawili, wakikubaliana anachukua chake. Imam Bukhari, Allah amrehemu, ameweka mlango mzima wa ujira wa udalali, na humo ametaja kwamba wanazuoni wa mwanzo kama Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na al-Hasan hawakuona ubaya wowote katika ujira wa dalali. Qays bin Abi Gharaza, radhi za Allah ziwe juu yake, anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapitia wakiwa katika shughuli hiyo, akawaambia biashara huingiwa na upuuzi na viapo, basi wachanganye na sadaka. Hakuwaambia waondoke sokoni.

Penye mazungumzo ni asilimia. Sisi wa pwani tumelelewa katika madhehebu ya Shafi, na vitabu vyetu vinataka ujira uwe unajulikana tangu mwanzo. Dalili iko katika Surat Yusuf: aliyepotelewa na kopo la mfalme alisema atakayelileta atapata shehena ya ngamia, kitu kinachojulikana. Sasa wewe ulipokubaliana na wakala wako asilimia 10, mshahara ulikuwa bado haupo. Asilimia 10 ya nini? Ukisoma vitabu kwa ukavu wake, makubaliano ya namna hiyo yana kasoro. Lakini vitabu hivyo hivyo vinasema: malipo yakiwa hayajulikani na kazi ikafanyika, mfanyakazi hatoki mikono mitupu, hupewa ujira wa mfano wake, yaani wanaolipwa watu wa kazi kama ile. Na ukiwauliza watu wa mpira ujira wa mfano wa wakala ni upi, watakujibu kwa asilimia tu! Ukiongeza kwamba wanazuoni wa Hanbali wameruhusu ujira wa fungu la kile kinachopatikana, wakipima na mudharaba (mmoja hutoa mtaji, mwingine hufanya kazi, faida wakagawana), na kwamba Ibn Abbas hakuona tatizo mtu kumwambia mwenzake, "Iuze nguo hii, kitakachozidi kadhaa ni chako," sioni sababu ya kukutia dhiki. Mshahara wako sasa umeandikwa, 200 inajulikana. Safari nyingine bonasi za magoli na ushindi ziacheni nje ya asilimia, au mziwekee kiasi maalumu, maana hapo ndipo pasipojulikana kweli.

Je, 10 ni nyingi? Sheria haikuweka ukomo wa ujira wa dalali, imetaka ridhaa na uwazi. Wanadamu ndio wanaoweka ukomo. Katika mpira wa kikapu wa NBA wakala hazidishi asilimia 4 ya mshahara, na katika NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ni 3. FIFA nayo ilipitisha kanuni zake Desemba 2022: mchezaji ambaye mapato yake kwa mwaka hayazidi dola 200,000, wakala wake achukue asilimia 5 kwake, na kama anamwakilisha mchezaji pamoja na klabu inayomsajili, jumla isipite 10. Ukizidi hapo, kinachozidi hukatwa asilimia 3. Wewe uko mbali sana na hizo 200,000, kwa hiyo kwa kipimo kile 10 kutoka mfukoni mwako peke yako ni mara mbili. Ila mahakama ya Dortmund, Ujerumani, ilizizuia kanuni hizo, na mwishoni mwa Desemba 2023 FIFA ikasimamisha kwa muda, dunia nzima, vipengele kadhaa, ukiwemo huo ukomo na masharti ya kuwakilisha pande mbili. Basi siwezi kukuambia kwamba 10 yake ni haramu. Uliijua, ukairidhia, ukasaini.

Sasa tuje kwenye cha juu, maana swali lako hasa liko hapo.

Chukua kalamu tuhesabu. Ofa ya kwanza 2,500, wewe ukasaini 2,000. Kasoro ni 500 kwa mwezi, kwa miezi 24 ni dola 12,000. Kama wakala wako angesimama pale pale kwenye 2,500, asilimia yake ingeongezeka dola 1,200 kwa miaka miwili. Badala yake, kama habari uliyopewa ni kweli, ameziacha 1,200 akachukua 5,000. Klabu wametoa 5,000 wakaokoa 12,000, wamebaki na faida ya 7,000. Kila mtu mezani amepata, ila yule ambaye magoti yake ndiyo yanayocheza.

Hapa utaona kwa nini asilimia iliyo wazi hainitishi. Wakala wa asilimia akikupandishia mshahara na chake kinapanda. Mnavuta kamba upande mmoja. Pesa ya siri ndiyo inayomgeuza. Anakaa upande wako wa meza huku anakula upande wa pili, na kadiri wewe unavyoshuka ndivyo wanavyomkunjulia mkono.

Mtume (s.a.w.) alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja amnunulie mbuzi. Urwa akaenda sokoni, kwa ustadi wake akanunua mbuzi wawili kwa dinari ile ile, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari. Hadithi iko katika Bukhari. Angalia alichofanya: faida yote imetoka kwenye akili yake na miguu yake, na bado hakuikunja mfukoni akasema, "Uliniagiza mbuzi, mbuzi huyu hapa." Aliikabidhi kwa aliyemtuma, naye Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Wakala ni mkono wa aliyemtuma. Anachokipata kwa kazi ile ni cha mwenyewe, isipokuwa kile walichoafikiana kuwa ujira.

Atakuambia, "Zile klabu walinipa zawadi tu." Hili nalo lilishajibiwa. Mtu mmoja, Ibn al-Lutbiyya, alitumwa kukusanya zaka, akarudi na kusema hiki chenu, na hiki mimi nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake au kwa mama yake, aone kama ataletewa zawadi. Muulize wakala wako hivyo hivyo: angekuwa amekaa kwao bila jina lako kwenye faili, klabu ya Oman ingemletea dola 5,000? Na kama zilitolewa ili mshahara wako ushuke, hiyo si zawadi wala kamisheni, ni rushwa, na Mtume amemlaani anayeitoa na anayeipokea.

Nisieleweke vibaya. Kulipwa na pande mbili peke yake si haramu. Dalali aliyekutanisha watu wawili, kisha wao wenyewe wakafunga mkataba, anaweza kupata kwa huyu na kwa yule, maadamu wote wawili wanajua na wameridhia. Hata zile kanuni za FIFA ziliruhusu kwa ridhaa ya maandishi kutoka kwa wote wawili. Angekuja akasema, "Mwanangu, klabu nao watanipa 5,000, unaafiki?" ungekuwa na nafasi ya kusema sawa, au kusema basi punguza kwenye 10 yangu. Alikunyima nafasi hiyo, na khiyana iko hapo.

Hukumu yangu ni hii: kwa sura uliyonieleza, zile 5,000 si zake. Anatakiwa akurudishie. Zile 12,000 ni jambo jingine, na najua hutalipenda. Ofa ya klabu ilikuwa bado haijawafunga, na 2,000 uliisaini mwenyewe kwa mkono wako. Dhambi ya kukushusha ni yake na itamhitaji akuombe radhi, lakini siwezi kukuandikia kwamba ni deni lililothibiti. Na 10 yake haianguki kwa sababu ya khiyana, maana kazi ameifanya, Oman umefika, mshahara unaingia. Kila haki isimame mahali pake.

Lakini kabla ya yote, hakikisha. Nimesikia upande mmoja, nawe umesikia mtu mmoja. Irudie karatasi ile uisome vizuri: 2,500 ilijumuisha nyumba na tiketi, au ilikuwa mshahara mtupu? Klabu nyingi huandika ofa kwa jumla, halafu wakikupa nyumba wanakata. Kama unakaa kwenye nyumba wanayoilipia wao, huenda ile 500 imo ndani ya kuta unazolala, na nusu ya tuhuma imekwisha. Zitabaki 5,000 tu, ambazo nazo zina risiti au hazina. Allah ametuamuru tuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Na huyo ndugu wa ofisini usimtaje jina popote, ana watoto wa kulisha.

Umeuliza kama unaweza kusimamisha zile 200 kimya kimya. Wanazuoni wetu wameizungumza sana mas'ala hii ya mtu kujichukulia haki yake kwa aliyemdhulumu. Hind, mke wa Abu Sufyan, alishitaki kwamba mumewe hampi masurufu ya kutosha, na Mtume (s.a.w.) akamruhusu achukue kinachomtosha yeye na watoto kwa wema. Upande wa pili ipo hadithi isemayo: mrudishie amana aliyekuamini, wala usimhini aliyekuhini. Madhehebu yetu yanaruhusu kujichukulia pale haki inapokuwa wazi na njia ya kuidai imefungwa. Yako bado haijawa wazi, na njia ziko wazi. Kwa hiyo endelea kumtumia, na wakati huo huo mwandikie. Barua, au ujumbe wa WhatsApp ambao hutaufuta, wenye maswali mawili tu: ofa ya kwanza ilikuwa ngapi na ilijumuisha nini, na je, ulipokea chochote kutoka klabuni?

Akikiri, kaeni mkatane deni kwa deni kwa maandishi. Umebakiwa na miezi 15. Kwa 200 kila mwezi ni dola 3,000. Zifuteni, abaki na 2,000 za kukulipa. Hapo utakuwa umeacha kutuma kwa makubaliano, si kwa kujificha. Akikana nawe una karatasi mkononi, tafuteni kadhi au mzee mnayemheshimu wote awasuluhishe. Ikishindikana na wakala wako ana leseni ya FIFA, kanuni zao ziliweka baraza la mashauri ya mawakala kwa migogoro inayovuka mipaka; uliza kwanza kama linapokea mashauri, maana vipengele kadhaa vilisimamishwa, na shauri lililopita miaka miwili halisikilizwi, kwa hiyo usilale. Kwenda huko si kuiacha sheria ya dini. Ni kudai haki kwenye ofisi iliyowekwa kwa kazi hiyo na ambayo wote mliikubali mlipoingia kwenye mpira huu. Akiwa hana leseni, hilo nalo ungelitazama kabla ya kusaini.

Kuhusu mwakani. Ujira wa dalali unafuata kazi. Ukizungumza na klabu mwenyewe, ukakaa nao mwenyewe, ukasaini mwenyewe, hajafanya kazi ya kulipwa. Kama mkataba wenu una kifungu kinachosema atalipwa hata ukijitafutia, soma tena kanuni za FIFA: zinabatilisha kifungu kinachomzuia au kumwadhibu mchezaji kwa kujizungumzia mwenyewe. Waislamu hufuata masharti yao, lakini sharti linalobatilishwa na kanuni za kazi mliyoiingia wote wawili, halina meno.

Isipokuwa kwa sura moja. Kama mazungumzo ya nyongeza atayaanza yeye kwa idhini yako, akapandisha dau, nawe ukamwambia klabu wangoje mkataba wako na wakala ufe, ndipo usaini wiki ya pili yake ili asipate kitu, hiyo ni hila. Ujira wake utakuwa shingoni mwako hata kama hakuna karatasi inayokudai, na hata kama yeye mwenyewe alikuhini mwaka wa kwanza.

Wallahu a'lam.