Bahari Ikisharudi, Kitazameni Kisima

Miaka michache iliyopita, usiku wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo au mpevu, upepo wa kusi ulikuwa umevuma siku ya tatu mfululizo bahari ilipovuka mikoko na kuingia katika kijiji chetu cha pwani ya Kilwa, tukaamka maji yakiwa magotini. Hakuna aliyekufa maji. Wagonjwa walianza kuonekana siku ya nne, jua likiwa limeshawaka na sisi tukianika magodoro, tukidhani balaa limekwisha.

Kosa langu lilikuwa kisima. Nilichota maji, nikayachemsha kama nilivyofundishwa tangu utotoni, nikampa mama, ambaye ana ugonjwa wa shinikizo la damu, na baada ya siku chache presha yake ikapanda hadi tukampeleka zahanati. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi, na kwa kuwa sehemu ya maji huondoka kama mvuke, yanayobaki sufuriani huwa na chumvi kali zaidi. Vidonge vya kutibu maji navyo haviondoi chumvi. Kwa hiyo kisima kilichoingiliwa na bahari kisitumike kwa kunywa wala kupikia, hata kama maji yake yanaonekana maangavu, na kama vyoo vya shimo vimefurika karibu nacho, basi hata vyombo visioshewe humo. Jambo wengi hawalifikirii ni hili: mtoto akiharisha, maji ya kumchanganyia ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, au yale ya nyumbani ya vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja, yasitoke katika kisima hicho, kwani chumvi ikizidi humdhuru mtoto yule yule tunayetaka kumwokoa.

Wanaodhani kuhara ni jambo dogo na waitazame Beira, mji wa pwani ya Msumbiji. Kimbunga Idai kiliipiga Msumbiji usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019; wagonjwa wa kwanza wa kipindupindu walithibitishwa tarehe 27, na chanjo ikaanza kutolewa tarehe 3 Aprili, lakini hadi mlipuko unakwisha waliougua walikuwa wamepita 6,000. Malaria nayo iliongezeka. Kwetu pwani yuko hata mbu wa malaria, Anopheles merus, anayezaliana katika maji ya chumvichumvi, kwa hiyo madimbwi ambayo bahari imeyaacha nyuma hayana usalama tunaoudhania, na chandarua ni kitu cha kuokolewa kabla ya televisheni.

Vidonda navyo visidharauliwe. Jirani yangu alikanyaga msumari uliofunikwa na tope, akaufunga mguu kwa kitambaa, akaendelea kuzoa mabati. Maji ya bahari yenye joto yana bakteria wa jamii moja na yule wa kipindupindu, ambao wakiingia kidondani huweza kuula mwili kwa saa chache, na pepopunda ipo siku zote. Vaeni viatu vigumu, osheni kidonda kwa maji safi na sabuni, na mguu ukivimba au kuwa mwekundu msingoje kesho.

Ama kabla ya dhoruba, kalenda ya mwezi itawafaa sana. Kimbunga Hidaya kilipofika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikiwa zimesitishwa, zilikuwa zimebaki siku nne mwezi kuandama. Kingekuja na bamvua, upepo ule ule ungeikuta bahari iko juu zaidi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, tazameni pia mwezi uko wapi, na ikiwa ni mwandamo au mpevu ondokeni mchana kuelekea mwinuko, kwa maana meta moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja na ushei, na hakuna mwogeleaji wa kushindana nayo gizani. Mtakapojihifadhi msiwashe jiko la mkaa chumba kikiwa kimefungwa; moshi wake usioonekana huua.

Siku hizi mlangoni kwangu kuna ndoo yenye mfuniko wa kubana, ndani yake dawa za mama za wiki mbili, kadi zake za kliniki, ORS, sabuni na tochi, na kando yake madumu mawili ya maji ya mvua. Kisima chetu kilirudi kunyweka baada ya masika mawili.