Maswali ya Wasomaji: Meli Zinavyogongana Mlangoni

SWALI: Nimesoma kwamba mwaka 1917 meli mbili ziligongana kweupe katika bandari ya Halifax, Canada, na kila moja ilikuwa na rubani wa bandari wa kuiongoza. Iliwezekanaje?
– Msomaji, Tanga

JIBU: Kosa lilianza kabla meli hizo hazijaonana. Asubuhi ya tarehe 6 Desemba, Imo ya Norway ilikuwa ikitoka kwenda baharini bila shehena. Mont-Blanc ya Ufaransa ilikuwa ikiingia, imejaa vilipuzi kwenye falka, yaani vyumba vya shehena, na mapipa ya benzoli, mafuta yanayowaka upesi, juu ya sitaha. Kati yao palikuwa na mlango mwembamba uitwao Narrows.

Sheria ya mlango mwembamba ni kushika ukingo ulio kulia kwako, mpishane kushoto kwa kushoto. Imo ilikutana kwanza na meli ya Kimarekani iliyokuwa ikipanda upande usio wake, wakakubaliana kupishana kulia kwa kulia. Mara ikatokea Stella Maris, inavuta matishari, na Imo ikazidi kujisogeza kushoto. Kila kusogea kulikuwa na sababu yake, lakini kulimfaa aliyekuwa mbele wakati ule tu. Mont-Blanc ilipofika, ilikuta upande wake umekwisha kukaliwa. Tena Imo ilikuwa ikienda karibu maili 7 za bahari kwa saa, na kikomo bandarini kilikuwa 5.

Mont-Blanc ikapiga honi moja fupi: nashika kulia kwangu. Imo ikajibu kwa mbili: mimi nabaki kushoto. Hapo ndipo wengi hupotea. Ukijibiwa kinyume cha ulichosema, hamjaelewana, na dawa ni kuvunja mwendo papo hapo. Wao walirudia honi zilezile huku wakizidi kukaribiana. Injini zilipozimwa, meli ziliendelea kuserereka. Mont-Blanc ikakata kushoto ghafla ipite mbele ya omo, yaani pua, ya Imo, na ingeweza kupona. Ila Imo nayo ilitia injini nyuma. Panga boi la meli ya namna ile, likizungushwa kinyume, husukuma tezi, yaani nyuma ya meli, kushoto na omo kulia, na meli tupu iliyoelea juujuu huyumba upesi zaidi. Omo ikageukia kulia, ikaingia ubavuni mwa Mont-Blanc.

Kishindo chenyewe hakikuwa kikubwa. Mapipa yalipasuka, na Imo ilipojichomoa, chuma kwa chuma vikatoa cheche. Saa 3:04 asubuhi Mont-Blanc ililipuka, wakafa watu zaidi ya 1,700. Uchunguzi wa kwanza uliilaumu Mont-Blanc peke yake; Mahakama Kuu Kabisa ya Canada mwaka 1919 ikaamua kwamba zote mbili zilikosea, na mahakama ya mwisho ya rufaa huko London ikaukubali uamuzi huo mwaka 1920. Kwa maoni yetu, huo wa pili ndio wa haki.

Siku hizi honi mbili fupi maana yake ni “nageuza kushoto”, tatu ni “injini zangu zinarudi nyuma”, na tano au zaidi za haraka ni “sikuelewi, au sina hakika kama unachofanya kinatosha kuepusha ajali”. Hizo tano zipigwe mapema. Hazimtukani mtu.

SWALI: Sasa kuna rada na vyombo vya kutambulishana. Mbona meli bado zinagongana?
– Baharia, Unguja

JIBU: Kwa sababu jicho likishaamua limeona nini, kifaa huulizwa kwa kuchelewa. Tarehe 8 Novemba 2018, alfajiri ya giza huko Hjeltefjorden, Norway, manowari Helge Ingstad iligongana na meli ya mafuta Sola TS iliyokuwa imetoka gatini Sture muda mfupi tu. Manowari ilikuwa ikienda kasi ya maili 17 hivi, na chombo chake cha kujitambulisha kilikuwa kikipokea tu bila kutuma. Zamu zilipokuwa zikibadilishana, meli ya mafuta ilikuwa bado imejichanganya na mataa ya gati. Ilipoondoka iliacha taa kali za sitaha zikiwaka, zikazifunika taa zake za safari. Manowarini wakaamini kwamba ule mwanga ni kitu kilichotulia ufukweni.

Ndiyo hatari yake: chombo kinachokuja kukugonga hakihami machoni pako. Kinakua tu. Kwa hiyo pima kwa dira kila baada ya dakika moja au mbili. Pembe ikibaki ileile na umbali ukipungua, mnagongana. Huna dira? Shika mwelekeo mmoja, kaa palepale, uifananishe meli na nguzo ya turubai. Ikiganda kwenye nguzo, geuza sasa. Na anayepokea zamu asipokee usukani mpaka aelezwe kila taa iliyo mbele, na akaithibitishe mwenyewe kwenye rada.

SWALI: Mimi ni mvuvi, navuka mlango wa Kilindini kwa mashua ya futi 24. Kwa nini meli kubwa hazinipishi?
– Msomaji, Likoni

JIBU: Kaka, hata nahodha akitaka hawezi. Chombo kilicho chini ya mita 20, na chombo chochote cha tanga, hakiruhusiwi kuizuia meli ambayo usalama wake uko ndani ya mlango tu. Wavuvi nao ni hivyo hivyo. Akikukwepa kwa kusogelea ukingo, maji yaliyobanwa kati ya ubavu na ukingo hukimbia kwa kasi na kanieneo yake hushuka. Tezi huvutwa ukingoni, omo hurushwa katikati, na usukani unaweza usiishinde nguvu hiyo.

Tena huenda hakuoni. Kanuni zinakubali kwamba mbele ya omo, bahari ifichike machoni pa aliye usukanini hadi urefu wa meli mara mbili au mita 500, kipimo kilicho kifupi. Kontena zikipangwa juu, mashua yako humo ndani haipo kabisa. Vuka nyuma ya tezi yake, kata mlango moja kwa moja badala ya kuufuata kwa mshazari, na usiku washa taa nyeupe kabla hujatoka pwani. Injini ikizima katikati, makasia yawe tayari mkononi, yasiwe yamefungwa chini ya nyavu.