Bati Hufunguka Katikati: Kosa ni la Mashine au la Bati?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina karakana ndogo hapa Makambako, na kazi yetu kubwa ni masanduku ya mashine za kukoboa mahindi. Nilinunua mashine ya mtumba ya haidroli ya kukunjia bati. Vipande vifupi hutoka vizuri, lakini nikikunja bati la milimita 2 lenye urefu wa mita 2, ncha zote mbili hupata nyuzi 90 huku katikati pakibaki nyuzi 92. Isitoshe, bati la Mbeya na la Iringa hayakunjiki sawa, ingawa sijagusa mashine. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, umeuliza maswali mawili, na ni vyema yasitibiwe kwa kuzungusha skrubu moja ya kina, ile inayopanga kushuka kwa kisu (chuma cha juu kinachosukuma bati), kwani ukirekebisha katikati kwa njia hiyo utaziharibu ncha.

Bati la milimita 2 likikunjwa juu ya mfereji wa V wa kalibu ya chini (chuma ambacho kisu hulizamisha bati ndani yake) wenye upana wa milimita 16 huhitaji nguvu ya takriban tani 17 kwa kila mita, kwa hiyo kipande chako huibebesha mashine zaidi ya tani 30. Chini ya mzigo huo meza na boriti ya juu hupinda kidogo katikati, kisu hakizami vya kutosha, na pembe hubaki wazi. Kwa mfereji huo, pungufu la takriban sehemu ya kumi ya milimita latosha kupoteza nyuzi moja.

Hata hivyo, usiilaumu meza kabla ya kupima. Kata vipande vitatu vya sentimita 10 kutoka ukanda mmoja wa bati, uviweke kushoto, katikati na kulia, kisha uvikunje kwa pigo moja. Vikilingana, kinachokusumbua ni kupinda kwa mashine chini ya mzigo. Kile cha katikati kikiendelea kuwa wazi, basi kisu au mfereji umelika hapo, jambo la kawaida kwa mashine ya mtumba, maana kazi fupi zote hufanyiwa katikati. Kabla ya jaribio futa mfereji, kwa sababu bati jeusi huacha magamba yanayodanganya vipimo.

Ikiwa ni kupinda, tandika karatasi chini ya kalibu ya chini: moja ndefu, na juu yake nyingine fupi, zote zikiwa katikati. Karatasi ya kuandikia ina unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita, hivyo mbili zakaribia kosa lako. Mbinu hii haipendezi machoni, lakini mafundi wazoefu huitumia. Kalibu iliyolika, kwa upande wake, inahitaji kusawazishwa kwa mashine ya kusaga chuma au kubadilishwa.

Kuhusu bati la miji miwili, lipime unene kwa mikrometa, kifaa cha kupimia unene mdogo, kwenye kona zote nne. Kisu kikishuka kina kilekile, bati nene zaidi hufunga pembe kupita kiasi, na bati gumu zaidi hurudi nyuma na kuifungua. Tenga marundo, na ukunje kipande cha majaribio kwa kila rundo.

Asubuhi za baridi za Juni na Julai, zungusha mashine bila mzigo hadi mafuta yapate joto, ndipo upime pembe ya kwanza.