Kupima minara ya Pate ukiwa Amu

Ndugu yangu, umeuliza utajuaje redio zako za intaneti kwenye minara ya Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, ni nzima bila kupanda boti kila mteja anapolalamika. Kwanza tafuta njia ya pili ya kuifikia minara: kipimo kikipita kwenye kiungo kilekile unachokipima, kikikatika huoni lolote. Modemu ndogo yenye laini ya simu na betri yake inatosha.

Kisha kila mnara uwe na kompyuta ndogo inayotuma pakiti (vifurushi vidogo vya data) za TWAMP, yaani utaratibu wa kupima mtandao kwa pakiti zinazokwenda na kurudi, kiwango RFC 5357 cha 2008, usiku na mchana, ipime ucheleweshaji na pakiti zinazopotea.

Lakini kwetu visiwani jambo kubwa ni maji. Rekodi nguvu ya mawimbi pamoja na saa za kujaa na kupwa. Uso wa bahari huakisi mawimbi ya redio, na maji yakipanda au kushuka, akisi ile huweza kuyadhoofisha yale yanayokwenda moja kwa moja. Ukiona nguvu inayumba kufuata maji, hasa wakati wa bamvua, tafadhali usinunue redio mpya. Badilisha kimo cha antena, au ongeza ya pili kwa kimo tofauti. Ikishuka polepole wiki hadi wiki bila kujali maji, kagua viungio vya kebo, pengine chumvi imeingia.

Relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya kuizima na kuiwasha redio kwa mbali pia ni lazima.