Mgeni wa jioni moja

Salaam dada. Nimekuelewa: rafikiyo analala Mombasa usiku mmoja tu, wataka aonje vitu uvipendavyo wewe, na orodha imekuwa ndefu mpaka umekwama.

Kwanza muulize anaingia saa ngapi. Shemeji yangu alipokuja nilitaka afike kila mahali, jioni yote ikaishia ndani ya tuktuk. Bado naumia nikikumbuka.

Chagua viwili. Akifika kabla ya magharibi, mpeleke bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, mkale muhogo wa kukaanga. Muuzaji anaupasua kati ukiwa moto, anasugua kipande cha ndimu kilichochovywa pilipili na chumvi, na mvuke wake wakupanda puani. Kaeni ukutani, meli zapita karibu kweli zikielekea bandari ya Kilindini.

Kisha Mji wa Kale kwa miguu. Ngomeni, yaani Fort Jesus, hufungwa jioni, lakini kuta walizoanza Wareno 1593 mtaziona kwa nje. Tafuteni muuza kahawa chungu mwenye dele, birika la kahawa, juu ya makaa; kikombe kidogo kwa kashata, na mazungumzo.

Feri ya Likoni iache, foleni ya jioni itawalia muda wote.